Gofu ya ana kwa ana: Waafrika wawili waliotamba Wentworth

Kituku, kando ya Ziwa Kivu mjini Goma, hakuna uwanja wa gofu. Lakini mpenzi wa kabumbu ataelewa haraka mashindano ya World Match Play, kwani yaliendeshwa kama kombe: anayeshindwa anarudi nyumbani.

Yalianza kunako mwaka 1964 huko Wentworth, Uingereza, kwa wachezaji 8 walioalikwa. Mmarekani Arnold Palmer alikuwa bingwa wa kwanza.

Katika gofu ya kawaida, mapigo yote ya siku hujumlishwa. Hapa wawili hupambana shimo kwa shimo. Anayetumia mapigo machache hulipata shimo hilo; aliyeharibu vibaya hupoteza moja tu. Mmoja akiongoza kwa mashimo mengi kuliko yaliyobaki, mechi inaisha.

Wana wa Afrika Kusini ndio waliovuna zaidi: Gary Player mara 5, Ernie Els mara 7.

Lakini kombe hufukuza hata nyota mapema. Ndiyo maana mashindano mengine ya aina hii, yaliyoanzia Marekani mwaka 1999, yaliweka makundi 16 ya wachezaji wanne kuanzia 2015, kila mmoja apate angalau mechi tatu. Hata hivyo, Wentworth ilibaki historia. Yale ya Marekani nayo yalikoma mwaka 2023.