Kufuli, Ufunguo na Kompyuta

Mtu aliyepoteza ufunguo wa kufuli lake, akaenda kutafuta mwingine katika maduka ya Darajani, Unguja, hana budi kujaribu mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1894 mkemia wa Kijerumani, Emil Fischer, alitumia mfano wa kufuli na ufunguo kueleza jinsi kimeng'enya kinavyochagua kitu cha kufanyia kazi. Dawa nyingi nazo hutenda hivyo: molekuli ya dawa hujipachika katika pango dogo la protini na kuizuia kufanya kazi yake.

Mfano ulio karibu ni malaria. Pirimethamini, mojawapo ya dawa mbili zilizomo katika SP, hujipachika katika kimeng'enya ambacho kimelea hukihitaji ili kitengeneze vinasaba vyake. Kimeng'enya hicho, kama protini zote, ni mnyororo wa asidi amino. Asidi amino ya 108 ikibadilika kutoka serini kuwa asparajini, ambayo ni kubwa zaidi, pango hubanwa na dawa haishiki barabara. Tanzania Bara iliifanya SP kuwa tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Usugu ulipoenea, ilihamia dawa mseto mwaka 2006. Zanzibar, ambako klorokwini ilikuwa imeshindwa, ilianza dawa mseto mwaka 2003.

Kwa kuwa kimelea hubadili kufuli, funguo mpya hutafutwa daima, nazo molekuli za kujaribiwa ni mamilioni. Hapo ndipo kompyuta inaposaidia. Hupewa jozi nyingi za protini na molekuli ambazo nguvu ya kushikana kwake imekwisha kupimwa maabarani. Hukisia nguvu hiyo, hulinganisha kisio na kipimo, kisha hujisahihisha, mara maelfu kwa maelfu. Mwaka 2024 programu ya AlphaFold 3 ilionyesha kwamba kompyuta yaweza kubashiri hata umbo la protini ikiwa imeshikana na molekuli ndogo.

Hata hivyo, kompyuta ikitahiniwa kwa jozi zinazofanana na zile ilizofunzwa, alama zake hazina maana kubwa, kama za mwanafunzi aliyeyaona maswali kabla ya mtihani. Kipimo cha haki ni protini ngeni kwake. Tena, ufunguo ulioingia katika kufuli huenda ukawa sumu kwa mgonjwa. Kwa hiyo kompyuta huchambua funguo. Kuzijaribu bado ni kazi ya maabara.