Kombe la 1955 Lilianzia 1942

Machi 1955 timu ya mpira wa kikapu ya Shule ya Sekondari ya Crispus Attucks, jijini Indianapolis, iliifunga shule ya Roosevelt ya mji wa Gary pointi 97 kwa 74 na kutwaa ubingwa wa jimbo la Indiana. Haijawahi kutokea kabla ya hapo, popote Marekani, shule ya watu weusi watupu kuwa bingwa wa jimbo katika mashindano yaliyo wazi kwa shule zote. Zaidi ya hilo, hakuna shule ya Indianapolis, iwe ya weusi au ya wazungu, iliyokuwa imewahi kulileta kombe hilo jijini. Mwaka uliofuata vijana wa Attucks walilichukua tena, safari hii bila kupoteza mchezo hata mmoja kati ya 31, na hakuna bingwa wa Indiana aliyekuwa amefanya hivyo kabla yao. Kisa hiki husimuliwa sana, na karibu kila mara husimuliwa kama kisa cha kipaji: kijana mmoja aitwaye Oscar Robertson, ambaye baadaye alipata medali ya dhahabu ya Olimpiki huko Roma mwaka 1960 na kuhesabiwa miongoni mwa wachezaji wakubwa kabisa wa mchezo huo. Dai la makala haya ni jingine. Mwaka uliofanya kazi kubwa kuliko yote ni 1942, mwaka ambao Attucks hawakushinda kombe lolote la jimbo. Kilichobadilika mwaka huo ni kanuni tu.

Kwanza tuuelewe uzito wa mashindano yenyewe. Anayeyajua mashindano ya UMISSETA atapata picha ya mbali, lakini Indiana ya miaka ya 1950 ilikwenda mbali zaidi. Shule zote za jimbo, kubwa kwa ndogo, ziliingia katika mtoano mmoja, bila madaraja, na aliyefungwa alirudi nyumbani. Ndiyo maana mwaka 1954 shule ya kijiji cha Milan, yenye wanafunzi 161, iliweza kuifunga Muncie Central 32 kwa 30 katika fainali na kuwa hadithi ya taifa zima. Filamu ya Hoosiers ya mwaka 1986 ilitokana na ushindi huo. (Wachache hukumbuka kwamba Milan, wakiwa njiani kwenda fainali, waliwatoa Attucks, 65 kwa 52, na Robertson alikuwamo.) Miji ilijenga kumbi za michezo kwa fahari iliyopita kiasi, baadhi zikiwa na viti vingi kuliko wakazi wa mji. Mchezaji aliyefuzu alishonewa herufi ya shule kwenye sweta yake, na kwa sweta hiyo alijulikana mtaani. Mashindano haya, kwa ufupi, ndiyo yaliyokuwa daftari la majina ya jimbo: shule iliyokuwamo ilihesabika, na shule isiyokuwamo ilikuwa kama haipo.

Attucks haikuwamo. Shule hiyo ilifunguliwa mwaka 1927, baada ya bodi ya elimu kuamua miaka mitano nyuma kwamba vijana weusi, waliokuwa wakisoma pamoja na wazungu katika sekondari za jiji, wakusanywe katika shule yao peke yao. Hiyo ndiyo miaka ambayo kundi la kibaguzi la Ku Klux Klan lilikuwa na nguvu kubwa katika siasa za Indiana. Jina lililopangwa awali lilikuwa la Thomas Jefferson, rais aliyemiliki watumwa; wazazi weusi waliandika maombi ya kupinga, na shule ikapewa jina la Crispus Attucks, mtu mwenye asili ya Afrika aliyeuawa na askari wa Kiingereza huko Boston mwaka 1770. Kisha likaja jambo la michezo. Chama kilichosimamia michezo ya sekondari za jimbo kilikataa kuipokea Attucks kwa hoja ambayo inafaa kusomwa polepole: mashindano ni ya shule za umma zilizo wazi kwa wote, na Attucks, kwa kuwa haipokei wazungu, si shule ya namna hiyo. Serikali iliwafungia vijana katika shule ya rangi moja, halafu wakaadhibiwa kwa sababu shule yao ni ya rangi moja. Shule za Kikatoliki nazo zilizuiwa. Kwa miaka 15 Attucks walitafuta wapinzani popote walipopatikana, mara nyingi shule nyingine za weusi na za Kikatoliki, wakivuka hata mipaka ya jimbo. Mlango haukufunguliwa kwa huruma. Mwaka 1941 Robert Brokenburr, seneta mweusi wa jimbo, aliwasilisha muswada wa kukilazimisha chama hicho kuzipokea shule zote. Haukupita, lakini shinikizo halikupoa, na mwaka uliofuata chama chenyewe kiliondoa marufuku.

Sasa tuirudie fainali ya 1955. Roosevelt ya Gary nayo ilikuwa shule ya watu weusi. Timu mbili bora za jimbo zima, mbele ya umati uliojaza ukumbi wa Chuo Kikuu cha Butler, zilikuwa timu ambazo miaka 13 nyuma hata moja isingeruhusiwa kucheza mchezo wa kwanza wa mchujo. Sidhani kama unahitajika ushahidi mwingine kuhusu kazi iliyofanywa na kanuni ile ya zamani.

Atakayepinga atasema: bila Robertson hakuna kombe, kanuni au hakuna kanuni. Ni kweli kwamba alifunga pointi 39 katika fainali ya 1956, na hizo hazikufungwa na kanuni. Lakini Attucks walifika nusu fainali ya jimbo mwaka 1951, Oscar akiwa bado hajaanza sekondari. Katika safari hiyo ni kaka yake, Bailey, aliyetia kikapu cha sekunde za mwisho kuwafunga Anderson 81 kwa 80. Mwaka 1959, Oscar akiwa amekwisha kwenda chuo kikuu cha Cincinnati, Attucks walitwaa kombe la tatu chini ya kocha Bill Garrett, ambaye mwenyewe alikuwa amefungua njia kwa wachezaji weusi katika Chuo Kikuu cha Indiana. Vipaji vilikuwapo kabla ya Robertson na vilikuwapo baada yake. Hakuna sababu ya kuamini kwamba havikuwapo mwaka 1930.

Pingamizi zito zaidi hutoka upande usiotarajiwa, nalo ni kwamba utengano wenyewe ndio ulioijenga Attucks. Walimu weusi wenye shahada za uzamili na za udaktari, ambao vyuo vikuu havikuwaajiri, walifundisha sekondari, na wengi wao walikwenda Attucks. Kocha Ray Crowe, aliyeshika timu mwaka 1950, alikuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kuwa kocha, na aliwajua vijana wake hadi nyumbani kwao. Shule ilikuwa na ukumbi mdogo usiofaa kwa michezo ya mashindano, hivyo timu ilihamahama, ikicheza karibu michezo yote nje ya shule yake. Inasimuliwa kwamba Crowe aliwafundisha wachezaji wahesabu pointi kumi za kwanza kuwa ni za waamuzi, yaani waongoze kwa kiasi ambacho filimbi ya upendeleo haitakifuta. Timu iliyolelewa hivyo haina budi kuwa ngumu. Hayo yote nayakubali, ila hayathibitishi kwamba ukuta ulikuwa na faida. Yanathibitisha kwamba waliofungiwa ndani yake walikuwa watu hodari. Walimu wale wale, wenye shahada zile zile, walikuwapo kwa miaka 15 ya kwanza, na jimbo halikuwasikia. Uhodari ulikuwa wao. Kuonekana kulitegemea ruhusa ya wengine.

Wapo pia wanaokwenda upande wa pili na kusema kwamba kombe lilimaliza ubaguzi jijini. Hapa ushahidi ni mkali. Ilikuwa desturi kwa mabingwa kushangiliwa katikati ya jiji, kwenye mzunguko wa mnara wa kumbukumbu. Usiku ule wa Machi 1955 vijana wa Attucks walizungushwa hapo kwa gari la zimamoto, kisha wakapelekwa moja kwa moja kwenye bustani ya mtaa wa weusi washerehekee huko, kwa sababu wakubwa wa jiji waliogopa vurugu. Robertson hakulisahau jambo hilo, na alilizungumzia kwa uchungu hata uzeeni. Sheria ya Indiana ilikuwa imekataza utengano wa shule tangu 1949, lakini ilibidi kungoja hadi 1971 mahakama ya shirikisho iamue kwamba Indianapolis imekuwa ikitenganisha wanafunzi kwa makusudi. Vikombe vitatu havikuuondoa utengano huo. Kesi ndiyo iliyouondoa. Robertson mwenyewe, akiwa kiongozi wa chama cha wachezaji wa kulipwa, aliishtaki ligi ya NBA mwaka 1970 kwa kuwafunga wachezaji kwa timu moja kama mali, na mapatano ya mwaka 1976 yakawapa uhuru wa kuhama. Mtu aliyekuwa na kila sababu ya kuamini katika kipaji alichagua kupambana na kanuni.

Hoja hii ikiwa sahihi, inapaswa kutugutusha kuhusu nusu nyingine ya shule hiyo hiyo. Sekondari nyingi za Marekani za wakati ule ziliwapa wasichana vilabu vyao vya michezo, ambamo walicheza wao kwa wao baada ya masomo, wakakusanya pointi za mahudhurio na kupata nembo zao ndogo. Walimu wengi, wanawake wakiwamo, waliamini kwa dhati kwamba ushindani wa hadharani unamdhuru msichana kiafya na kitabia, na wakapendelea bonanza ambamo shule zilichanganywa ili pasiwe na mshindi wa kujivunia. Nia ilikuwa njema kuliko ile ya waliowafungia nje Attucks. Matokeo yake yalifanana: msichana mwenye kipaji hakuwa na mashindano ya kukionyesha, na kukosekana kwake kukachukuliwa kuwa ushahidi kwamba kipaji hicho hakipo. Hata mitaa ya weusi ya Indianapolis, iliyojua vizuri kufungiwa nje ni nini, iliwaona binti zake zaidi kama washangiliaji wa Robertson. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1972 iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu ndiyo iliyobadilisha hali. Mashindano ya kwanza ya jimbo la Indiana ya mpira wa kikapu kwa wasichana yalifanyika mwaka 1976, miaka 21 baada ya kombe la Attucks.