Wakalimani wa Kompyuta: Mkongwe, Mdogo na Aliyenakiliwa Kuliko Wote

Kompyuta haielewi lugha ya programu mpaka ipate kitu cha kuifasiri. Programu inayosoma mstari mmoja, ikautekeleza papo hapo, kisha ikaendelea na unaofuata, ndiyo mkalimani. Wakalimani wa mwanzo wana rekodi zao, na kwa baadhi yao nauliza pia: msimbo wao ulinusurikaje?

Kwa ukongwe tuanze na Short Code, wazo la John Mauchly la mwaka 1949, lililotengenezwa kwa ajili ya mashine ya BINAC na baadaye UNIVAC. Mwanaprogramu aligeuza kwanza hesabu yake kuwa alama za msimbo kwa mkono. Hata kwa mwendo wa kobe haina mpinzani rahisi: ilichukua takriban mara 50 ya muda ambao lugha ya mashine ingetumia.

Aliyezaliwa bila kutarajiwa ni mkalimani wa LISP. John McCarthy wa MIT alikuwa ameandika kanuni ya kukokotoa usemi wowote wa lugha hiyo, akikusudia isomwe na watu kama nadharia. Mwanaprogramu Steve Russell akasema ataifanya programu. McCarthy akamwambia anachanganya nadharia na vitendo. Russell hakubishana, aliigeuza kanuni kwa mkono kuwa lugha ya mashine ya IBM 704, nayo ikafanya kazi. Kwangu mimi, hakuna rekodi nzuri kuishinda hii.

LISP hiyohiyo inatupatia mwandishi kijana zaidi katika orodha yangu. L. Peter Deutsch aliitengenezea mashine ya PDP-1 mkalimani wake, na taarifa yake ilipotoka Machi 1964 alikuwa hajatimiza miaka 18.

Wengi wangetaja hapa lugha ya BASIC ya chuo cha Dartmouth, ya Mei 1964. Haistahili. Ile ya wabunifu wake, John Kemeny na Thomas Kurtz, ilikuwa kompaila: iligeuza programu nzima kuwa lugha ya mashine kabla ya kuiendesha.

Kwa udogo, namtaja Li-Chen Wang. Tiny BASIC yake ya mwaka 1976 ilienea katika kilobaiti 1.77 tu. Juu ya msimbo, mahali pa kuandika kwamba haki zote zimehifadhiwa, yeye aliandika kwamba makosa yote yamehifadhiwa. Jarida la Dr. Dobb's likauchapisha wote, na wasomaji wakauingiza kwenye mashine zao herufi kwa herufi. Kilichochapwa na kusambazwa hivyo hakipotei kirahisi.

Aliyenakiliwa kwa kelele nyingi zaidi ni BASIC ya kompyuta ya Altair. Bill Gates, Paul Allen na Monte Davidoff waliiandika mwaka 1975 kwenye PDP-10 ya Harvard, wakiiga chipu ya Intel 8080 kwa programu, kwa kuwa Altair yenyewe hawakuwa nayo. Juni mwaka huo, katika maonyesho hotelini Palo Alto, utepe mmoja wa karatasi yenye matundu, uliobeba BASIC hiyo, ulitoweka. Ulimfikia Dan Sokol, akautolea nakala, nazo zikagawiwa wanachama wa klabu ya wapenzi wa kompyuta, Homebrew Computer Club, kwa sharti kwamba anayechukua moja arudishe zaidi. Gates alikasirika, na Februari 1976 akawaandikia wapenzi wa kompyuta barua ya wazi akiwaita wezi. Alikuwa na haki ya kudai jasho lake. Lakini Aprili 2025, Microsoft, kampuni yake na Allen, ilipotimiza miaka 50, yeye mwenyewe aliuweka hadharani msimbo ule, kurasa 157 zilizopigwa picha. Ndani yake mgawanyo wa kazi umeandikwa bayana: Gates sehemu ya kuendesha programu, Allen sehemu zilizobaki, Davidoff hesabu za desimali.

Iliyosubiri sana ni ndugu yake, BASIC ya chipu ya 6502, iliyozaa BASIC ya Commodore 64. Iliandikwa miaka ya sabini, na leseni huria ikaipata Septemba 2025.

Waasisi wanaondoka: McCarthy alifariki mwaka 2011, Allen 2018, Kurtz 2024. Kundi la kuhifadhi programu la Computer History Museum, Mountain View, California, limekusanya miongozo na misimbo ya LISP za mwanzo, na mwaka 2012 jumba hilo liliweka hadharani msimbo wa APL\360, mkalimani wa lugha ya APL. LISP 1.5 leo huendeshwa kwenye kiigizaji cha IBM 7094. Wahandisi wa enzi ile walio hai waulizwe sasa, na maboksi ya tepu na karatasi yaliyo stoo kwao yafunguliwe kabla warithi hawajayatupa.