Nilibania gesi, tangi la maziwa likarudi

NYAGATARE

TANGI la maziwa lilirudi karakanani kwangu siku ya tatu. Mwenyewe, mzee mfugaji, hakugomba. Alinishika mkono, akauingiza ndani ya tangi na kuniambia: "Pitisha vidole, mwanangu."

Kwenye mshono niligusa vipele vigumu. "Hapo uchafu utajificha, na maziwa yangu yatachacha," alisema.

Nilikuwa nimerudi nyumbani na mashine ya kuchomelea kwa leza, ile ya kushika mkononi, niliyoinunua Kampala na kuivusha mpaka wa Kagitumba. Muuzaji aliniambia mtungi wa gesi ya agoni ni gharama ya bure, upepo wa kompresa unatosha. Mfuko ulikuwa umetoboka, nikamwamini.

Vipele vile ni matone ya chuma. Leza huyeyusha chuma mahali padogo sana, na kwa ukali wa joto lake sehemu ya chuma hugeuka mvuke. Mvuke huo ukifumuka hurusha matone. Upepo wa kompresa unazidisha balaa, kwani una oksijeni asilimia 21 hivi, unyevu, na mara nyingi mafuta. Mshono unaungua na kuwa mweusi, matone yanaruka zaidi. Mengine hurukia kioo cha kinga kilichomo kichwani mwa mashine. Wiki ile nilibadili vioo vinne.

Agoni haiungani na chuma. Hufukuza hewa juu ya chuma kilichoyeyuka, na mkondo wake husukuma mvuke na matone mbali na kioo. Mimi hufungua kati ya lita 15 na 20 kwa dakika. Kuzidisha si dawa: gesi ikienda kasi mno huvuruga na kuvuta hewa ndani.

Kabla ya kununua

Ewe unayevuka mpaka kutafuta mashine kama hii, piga hesabu ya mtungi, saa yake ya kupimia na mahali pa kujazia. Ulizia agoni ya asilimia 99.99. Kwa stenlesi, naitrojeni nayo hufaa, lakini kwa alumini tumia agoni.

Gesi pekee haitoshi. Futa mafuta, kwangua rangi. Bati lenye zinki ni msumbufu, kwa sababu zinki huchemka kwenye nyuzi 907 wakati chuma huyeyuka karibu na nyuzi 1,500. Mvuke wa zinki hulipua matone hata ukiwa na agoni. Tena una sumu.

Chunga uhai pia. Agoni haina harufu, ni nzito kuliko hewa na hutuama ndani ya tangi. Usimwingize kijana humo bila kupitisha hewa safi. Mwanga wa leza hauonekani, lakini hupofusha. Vaa miwani iliyotengenezwa kwa leza ya aina hiyo. Miwani ya kawaida ya mafundi haikingi.

Tangi la mzee nililisaga mshono wote, nikachomelea upya kwa agoni bila kumtoza hata faranga moja. Alipitisha vidole, akatikisa kichwa kukubali, akalifunga kwenye pikipiki.

Wiki iliyofuata alimleta jirani yake. Rahisi ghali, wahenga hawakukosea.