Nani Hulipia Mabadiliko ya Mikopo ya Elimu ya Juu? (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza jinsi sera ya uchangiaji gharama, yaani utaratibu wa mzazi na mwanafunzi kubeba sehemu ya gharama za masomo, ilivyoanza kutekelezwa mwaka 1992, na jinsi Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 ilivyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi Julai 2005. Sehemu hii inachunguza ni nani anayebeba mzigo kila sharti la mikopo linapobadilishwa.

Mwaka 2016 sheria ilirekebishwa, na makato ya mnufaika aliyeajiriwa yakapanda kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara wa msingi. Wakati huo ilikuwapo pia tozo ya kulinda thamani ya mkopo, ambayo ni nyongeza ya asilimia 6 kwa mwaka juu ya deni lililobaki. Kwa mwalimu aliyehitimu Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, Iringa, mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 800,000 na deni la shilingi 8,000,000, tozo hiyo ilikuwa takriban shilingi 40,000 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza. Kwa hiyo makato ya zamani ya shilingi 64,000 yangepunguza deni lenyewe kwa shilingi 24,000 tu. Makato mapya ya shilingi 120,000 yalifupisha safari ya deni, lakini yalichukua shilingi 56,000 zaidi kila mwezi, fedha ambazo aghalabu ndizo ada ya mdogo wake au mbolea ya viazi vya wazazi huko Rungwe.

Mei Mosi 2021, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kufutwa kwa tozo hiyo. Wanufaika walipumua, ila gharama haikutoweka, kwa sababu mfumuko wa bei ukiwa asilimia 4 kwa mwaka, shilingi 1,000,000 inayorejeshwa baada ya miaka kumi huwa na uwezo wa kununua vitu vya takriban shilingi 675,000 za leo, na pengo hilo sharti lizibwe na Hazina, yaani na walipakodi.

Badiliko la tatu liligusa fedha za kujikimu, ambazo wanafunzi huziita bumu, zilizopanda katika mwaka 2022/23 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kwa siku 60, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya hupata shilingi 600,000 badala ya 510,000, na sehemu ya nyongeza hiyo huishia kwa mama lishe na wenye nyumba wa Iyunga. Hata hivyo, fungu lililowatosha wanafunzi 20 kwa kiwango cha zamani huwatosha 17 tu kwa kiwango kipya, na ndiyo maana bajeti ya mikopo ililazimika kukua kutoka shilingi bilioni 570 hadi bilioni 654.

Kwa hiyo kila pendekezo la kubadili masharti ya mikopo linapaswa kufika bungeni likiwa limemtaja mlipaji wake: mnufaika, Hazina, au mwombaji atakayekosa nafasi. Sehemu ya tatu itachambua mikopo ya wanafunzi wa stashahada, iliyoanza kutolewa mwaka wa masomo 2023/24.