Udongo, Saruji, Mti na Sabuni: Malighafi na Umbo la Binadamu katika Sanaa ya Kampala

Mwaka 1929, katika eneo la gereza la Luzira, sehemu ambayo leo imo ndani ya Divisheni ya Nakawa jijini Kampala, vilifukuliwa vipande vya udongo uliochomwa vyenye sura ya mtu: kichwa, sehemu za kiwiliwili, pamoja na vigae vya vyungu. E. J. Wayland, aliyekuwa mkuu wa idara ya jiolojia ya Uganda, alivipeleka Uingereza, na tangu mwaka 1931 vimekuwa mali ya Makumbusho ya Uingereza jijini London. Kwa takriban miaka 80 Kichwa cha Luzira kilitajwa kama kioja tu, kitu kisicho na ukoo wala majirani. Ni mwaka 2008, katika jarida la Antiquity, ambapo Andrew Reid na Ceri Ashley walikiweka mahali pake: mwishoni mwa milenia ya kwanza na mwanzoni mwa ya pili baada ya Kristo, wakati kilimo, uvuvi, ufundi na biashara vilipokuwa vikishamiri kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyanza, kabla ya falme kama Buganda kujijenga.

Makala haya yanachukua Kichwa hicho kuwa mwanzo wa mjadala kuhusu wasanii wa Kampala wanaoumba umbo la binadamu kwa malighafi mbalimbali. Hoja inayotetewa ni kwamba malighafi si gari la kubebea wazo lililokwisha kukamilika kichwani mwa msanii. Malighafi huamua sanamu itasimama wapi, itaguswa na nani na itadumu kwa muda gani. Kwa hiyo huamua pia maana yake. Mipango ya elimu na utamaduni inayoizungumzia sanaa kana kwamba ni kitu kimoja huipoteza nusu hiyo ya maana.

Lugha zenyewe zinalielewa jambo hili kuliko nyaraka za sera. Katika Kiswahili nomino sanamu hukusanya vitu vingi pamoja, na kwa kuwa asili yake ni neno la Kiarabu linalohusu vinyago vya kuabudiwa, bado hubeba kivuli cha tuhuma. Vitenzi, kinyume chake, havikubali kuchanganywa: udongo hufinyangwa, mti huchongwa, chuma husubiwa au huchomelewa. Kila kitenzi kina mkono wake na kifaa chake. Luganda hupita njia nyingine. Picha au sanamu huitwa ekifaananyi, neno ambalo msikilizaji wa Kiswahili atatambua ndani yake kitenzi kufanana. Na kufinyanga chungu ni okubumba, ndugu wa kuumba, kitenzi ambacho Kiswahili kimekipandisha cheo hadi kwa Muumba. Kwa hiyo mfinyanzi wa Luzira, hata kama lugha aliyoizungumza haijulikani, anaweza kuelezwa leo kwa maneno yasiyohitaji kukopwa kutoka kwa wahakiki wa Ulaya.

Ufundi wa Kichwa hicho ni wa mtu aliyeujua udongo. Udongo mnene uliojazwa bila nafasi ndani hupasuka motoni, kwa sababu unyevu uliobaki katikati hugeuka mvuke usiokuwa na pa kutokea. Anayefinyanga mtu kwa ukubwa wa namna hiyo hana budi kufikiri kama mfinyanzi wa chungu, yaani kwanza aone ukuta na uwazi wa ndani, kisha ndipo aone uso. Madai yaliyozoeleka wakati wa ukoloni, kwamba eneo hili lilikuwa na vyungu, mikeka na vitambaa vya magome lakini halikuwa na sanaa ya umbo la binadamu, yanatenganisha kile ambacho Luzira kilikuwa kitu kimoja. Aliyeumba kichwa na aliyeumba chungu walitumia ujuzi uleule, na huenda walikuwa mtu mmoja.

Madai hayo yalikuwa na matokeo. Margaret Trowell alipoanzisha mafunzo ya sanaa mwaka 1937, ambayo yalikua kuwa shule ya sanaa ya Makerere, alisisitiza kwamba wanafunzi wachote mada katika maisha yao wenyewe badala ya kuiga Ulaya. Katika miaka ya 1940 alikuwa pia mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda. Ni kejeli ya historia kwamba mwalimu huyo alikuwa na funguo za makumbusho ya nchi, ilhali sanamu ya kale zaidi iliyojulikana nchini ilikuwa imekwisha vuka bahari. Wanafunzi wake walianza kufinyanga watu kana kwamba hakuna aliyewatangulia.

Mmoja wa wanafunzi hao, Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya, ndiye aliyetengeneza Mnara wa Uhuru uliosimamishwa katikati ya Kampala mwaka 1962. Mtu aliyezongwa na mikanda anamwinua mtoto juu. Saruji ilifaa kazi hiyo: hustahimili mvua, huinuka kwa kimo ambacho udongo wa mkono haungekifikia, na huzungumza na umati kutoka mbali. Lakini saruji haimwiti mtu karibu. Wakazi wengi wa jiji huuona mnara huo mara nyingi zaidi katika noti za shilingi zilizotolewa mwaka 2010 kuliko wanavyousogelea mahali ulipo.

Francis Nnaggenda alikwenda upande mwingine. Sanamu yake ya majeruhi wa vita, iliyomo katika maktaba kuu ya Chuo Kikuu cha Makerere, aliichonga kati ya mwaka 1982 na 1986, miaka ambayo vita vya msituni vilikuwa vikiendelea nchini. Mwili una viungo vilivyokosekana. Mchongaji wa mti huondoa tu; hawezi kurudisha alichokata. Katika kazi hii sharti hilo la mti linakutana na lile la mwili wa binadamu, ambao nao haurudishiwi mguu uliokatwa. Ingefinyangwa kwa udongo, upungufu huo ungekuwa uamuzi ambao msanii angeweza kuubatilisha kesho yake asubuhi.

Kazi ya Lilian Nabulime inahitaji kuangaliwa kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu yeye ameitafakari hoja ya malighafi katika utafiti rasmi. Mhadhiri huyu wa uchongaji katika Makerere alijulikana kwanza kwa kazi za mti, mara nyingi zikiunganishwa na chuma. Katika tasnifu yake ya uzamivu, iliyokamilishwa katika Chuo Kikuu cha Newcastle mwaka 2007, alichunguza namna maumbo ya uchongaji yanavyoweza kuwa chombo cha mawasiliano kuhusu maisha ya wanawake wenye Virusi vya UKIMWI nchini Uganda. Swali hilo lilimhamisha kutoka kwenye gogo hadi kwenye vitu vya nyumbani, na hasa kwenye sabuni.

Sabuni inayopitisha mwanga huyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Nabulime aliitumia kuunda viungo vya uzazi vya mwanamume na vya mwanamke, na ndani yake akatia vitu vidogo vinavyoonekana kutoka nje. Uteuzi huu una sababu kadhaa, na hakuna hata moja iliyo ya mapambo. Sabuni ni rahisi kupatikana na bei yake ni nafuu. Imo mikononi mwa wanawake kila siku, katika kufua, kuosha watoto na kuuguza. Inahusishwa na usafi, jambo linaloamsha papo hapo swali gumu: je, ugonjwa huu ni uchafu unaooshwa? Na kwa kuwa mwanga hupita ndani yake, sabuni huonyesha kile ambacho mwili hauonyeshi. Mtu mwenye virusi anaweza kuonekana mzima kwa miaka mingi. Hapa kilichofichika kimewekwa machoni.

Uganda ilianza kampeni za umma dhidi ya UKIMWI katika miaka ya 1980, kwa redio, mabango na mikutano. Bango husema na kila mtu kwa sauti moja. Kipande cha sabuni hushikwa na mtu mmoja, hugeuzwa, hupewa jirani. Mambo ambayo adabu haiyaruhusu kutamkwa mbele ya wakwe au wazee huweza kuanza kuzungumzwa kupitia kitu kilichopo kiganjani, kwa kuwa mzungumzaji anaeleza kitu, hajielezi yeye. Gogo la mti halingefanya kazi hiyo. Lingebaki kwenye jumba la maonyesho, zito na ghali, likingoja wageni.

Inaweza kupingwa kwamba hiyo ni elimu ya afya iliyovaa joho la sanaa. Pingamizi hilo lina uzito, hasa pale wafadhili wanapompima msanii kwa idadi ya watu waliofikiwa. Hata hivyo, ubora wa kazi hizi unatokana na uamuzi wa kiuchongaji kuhusu mwanga, uwazi na ukubwa unaotosha mkono. Ukiondoa uamuzi huo, ujumbe nao unaondoka.

Mambo haya yanaigusa Nakawa ya leo kwa njia ya moja kwa moja. Kituo cha Taifa cha Ukuzaji wa Mitaala kipo Kyambogo. Baraza la Mitihani la Taifa lipo Ntinda. Chuo Kikuu cha Kyambogo, kinachofundisha sanaa na usanifu wa viwandani, kipo hapohapo. Zote ni taasisi za divisheni ileile ambamo Kichwa cha Luzira kilifukuliwa. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, uliifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika vidato viwili vya kwanza na kuiacha Sanaa na Usanifu kuwa somo la hiari. Penseli na karatasi zinatosha mtihani wa saa chache. Udongo hautoshi hapo: unahitaji siku za kukauka polepole, kisha tanuri. Ni kawaida, basi, mwanafunzi kumaliza shule akiwa amemchora binadamu mara nyingi bila kumfinyanga hata mara moja.

Mtaala huohuo, hata hivyo, umetenga asilimia 20 ya alama kwa tathmini endelevu inayofanywa shuleni. Hiyo ni nafasi ambayo udongo unaweza kuingilia, kwa sharti kwamba miongozo ya walimu itaje malighafi kwa majina, ieleze muda zinaohitaji na iruhusu shule kadhaa kutumia tanuri moja. Vitenzi vya Kiswahili vilivyotajwa hapo juu vinaweza kuwa msingi wa istilahi za miongozo hiyo, na walimu wa masomo hayo mawili wana sababu ya kukutana.

Suala la Kichwa chenyewe nalo halijafungwa. Masalia ya Kibuuka yalirudishwa kutoka Cambridge mwaka 1962. Mwezi Juni 2024 chuo kikuu hichohicho kilirejesha vitu 39 katika Makumbusho ya Uganda, kwa mkopo wa miaka 3 unaoweza kuongezwa. Kichwa cha Luzira hakikuwamo, kwani kinamilikiwa na taasisi nyingine. Majadiliano juu ya urejeshaji yanaweza kuchukua miaka. Kutengeneza nakala kamili kwa kalibu hakuhitaji kuyangoja. Nakala moja ikiwekwa Kyambogo, mahali ambapo wanafunzi wanaruhusiwa kuishika na kuchungulia ndani, ingewaonyesha unene wa ukuta na alama za vidole ambazo picha ya kitabuni haizionyeshi.