Siena, San Gimignano na Pisa kwa siku moja: utaona nini hasa?

Ukifika Florence, Italia, utauziwa hii safari ya basi: miji mitatu, asubuhi mpaka jioni, na gaidi wa kuwaonyesha njia. Inawezekana, lakini jua masaa mob utakuwa umekaa kwa kiti.

Kukodi gari nayo ni mtego. Katikati ya miji hii kuna ZTL, sehemu ambazo gari bila kibali haziingii. Kamera inanasa namba plate, na faini inakufuata hadi nyumbani. Wachia dere wa basi hiyo stress.

Siena ndiyo iko na uhondo. Pale Piazza del Campo, mitaa ya mji hushindanisha farasi Julai 2 na Agosti 16. Raundi tatu, bila tandiko. Farasi akimwangusha jamaa na bado afike wa kwanza, mtaa wake umeshinda!

San Gimignano, mabwenyenye wa kitambo walishindana kujenga minara. Imebaki kama 14 hivi.

Pisa? Mnara ulianza kujengwa 1173, udongo laini ukauinamisha. Kuupanda kuna tiketi yake ya saa maalum, so uliza mapema kama iko ndani ya bei. Kama haiko, piga ile picha ya kuusukuma, rudi kwa basi.